Majirani wa Theluji: Bunduki, Mpaka na Binti wa Froland

Ukurasa huu ni wa nchi jirani, na msomaji wetu aliye kambini au kituoni amezoea kukuta humu habari za mipaka, mikutano ya mawaziri na misafara ya wakimbizi. Leo tunaomba ruhusa yake tuwatazame majirani wa watu wengine, kaskazini kabisa mwa Ulaya, ambako Norway inapakana na Sweden, Finland na Urusi, na ambako mlinzi wa mpaka wakati wa baridi hupita juu ya theluji kwa mbao mbili nyembamba zilizofungwa miguuni, bunduki ikiwa mgongoni. Katika kazi hiyo ya doria ndimo ulimozaliwa mchezo uitwao bayathloni. Na katika mchezo huo amepita mwanamke mmoja, Marte Olsbu Røiseland, ambaye safari yake ya mashindano ina mengi ya kupimwa na mtu yeyote aliyekabidhiwa silaha.

Inaelezwa kuwa mnamo mwaka 1767 askari waliolinda mpaka wa Norway na Sweden walishindanishwa katika kuteleza na kupiga shabaha, na wengi huhesabu tukio hilo kuwa mwanzo wa yote. Mwaka 1861 raia wa Trysil, wilaya iliyo karibu na mpaka huo huo, waliunda chama chao cha bunduki na mbao za theluji. Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi, iliyofanyika Chamonix, Ufaransa, mwaka 1924, ilikuwa na mashindano ya doria ya kijeshi, na Uswisi ndiyo iliyoshinda. Bayathloni yenyewe iliingia Olimpiki mwaka 1960 huko Squaw Valley, Marekani, nayo medali ya kwanza ya dhahabu ikachukuliwa na Klas Lestander wa Sweden, ambaye hakuwa mwepesi kupita wenzake lakini risasi zake zote 20 ziliingia shabaha.

Siku hizo bunduki zilikuwa zile zile za vitani, zenye risasi kubwa, na shabaha ziliwekwa mbali. Mwaka 1978 mambo yakabadilika. Bunduki ndogo ya kipenyo cha milimita 5.6 ikachukua nafasi, masafa yakapunguzwa hadi mita 50, na uwanja ukaweza kujengwa mahali ambapo raia hukaa na kutazama. Miaka sita baadaye, mwaka 1984, wanawake wakapata Mashindano yao ya kwanza ya Ubingwa wa Dunia, tena huko huko Chamonix. Olimpiki iliwachelewesha hadi mwaka 1992, huko Albertville. Miaka 32 ilipita kati ya wanaume kuruhusiwa na wanawake kuruhusiwa, na kwa maoni yetu hakuna sababu ya maana ya shabaha wala ya mwili iliyowahi kutolewa kwa ucheleweshaji huo.

Msomaji asiyejua theluji anaweza kudhani mchezo huu ni wa watoto: risasi ndogo, mita 50 tu. Na aende uwanja wa shabaha ajaribu. Shabaha ya aliyelala kifudifudi ina upana wa milimita 45, yaani ndogo kuliko kitako cha kikombe cha kahawa. Ya aliyesimama ina milimita 115. Hakuna darubini juu ya bunduki. Silaha isipungue uzito wa kilo 3.5, na mchezaji huibeba mgongoni mwendo wote. Katika mbio fupi za kilomita 7.5 kwa wanawake, hulenga mara 2, kila mara risasi 5. Katika mbio ndefu za kilomita 15 hulenga mara 4. Hufika mkekani moyo ukipiga mara 170 au 180 kwa dakika, vidole vimekufa ganzi, upepo ukigeuka, na walio hodari humaliza risasi tano ndani ya nusu dakika tangu kufika. Akikosa moja, huzunguka duara la adhabu la mita 150 kabla ya kuendelea, na huku wenzake wanakwenda zao. Katika mbio ndefu za zamani adhabu ni kali zaidi: dakika nzima huongezwa kwa kila risasi iliyopotea.

Wakufunzi wetu hupenda kuwaambia makuruta kwamba mwenda pole hajikwai. Hapa methali hiyo ni nusu ya ukweli. Mwenda pole katika bayathloni hajikwai, lakini pia hafiki kwa wakati. Na mwenda mbio huijaza dunia risasi zisizo na faida. Anayeshinda ni yule anayejua ni wapi hasa apunguze mwendo, kwa kawaida mita chache kabla ya kufika mkekani, ili pumzi imrudie, na ni wapi asipoteze hata sekunde. Kujua huko hakupatikani kwa kusoma kijitabu. Yeyote aliyewahi kuamriwa kukimbia na mzigo kisha kulenga papo hapo anaelewa tunachosema.

Røiseland alizaliwa mwezi Desemba 1990, na kwao ni Froland, kusini mwa Norway. Jambo hili lina uzito kwa wanaoijua nchi ile, kwa maana kusini karibu na pwani theluji si ya kutegemewa kama ilivyo Trysil au Lillehammer, na mabingwa wengi wa nchi hiyo hutoka kwingine. Hakupanda haraka. Mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 25, alikuwa katika timu ya wanawake wanne iliyotwaa dhahabu ya mbio za kupokezana katika Ubingwa wa Dunia mjini Oslo, mbele ya wananchi wenzake. Mwaka 2018 huko PyeongChang, Korea ya Kusini, alipata medali mbili za fedha za Olimpiki, moja katika mbio fupi nyuma ya Laura Dahlmeier wa Ujerumani, na nyingine katika mbio za kupokezana za mchanganyiko. Mwaka 2019 huko Östersund, Sweden, aliongeza dhahabu tatu, zote za timu. Mpaka hapo mtazamaji angeweza kusema: huyu ni askari mzuri wa kikosi, si wa kutumwa peke yake.

Februari 2020 ikaja, na mahali palikuwa Antholz, katika milima ya Italia, kimo cha mita zaidi ya 1600, ambako hewa ni nyepesi na aliyekurupuka mapema huishiwa nguvu mlimani. Kulikuwa na mashindano saba yaliyowahusu wanawake. Røiseland alishiriki yote saba na kutoka na medali katika yote saba: dhahabu tano na shaba mbili. Hakuna aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake katika mchezo huo, mwanamume wala mwanamke. Alishinda mbio fupi ingawa alikosa risasi moja, akimtangulia Susan Dunklee wa Marekani kwa sekunde chache. Alishinda mbio za kuondoka pamoja, mbele ya Dorothea Wierer, mwenyeji aliyeshangiliwa na uwanja mzima. Dhahabu nyingine tatu zilikuwa za kupokezana: ya wanawake wanne, ya wanawake wawili na wanaume wawili, na ile ya mtu mmoja mmoja wa kila jinsia, ambapo mwenzake alikuwa Johannes Thingnes Bø.

Tunasimama kidogo hapa kwa sababu idadi ya medali huweza kuficha kazi yenyewe. Mashindano saba ndani ya siku kumi na moja ni mashindano saba ya kuandaa silaha, kurekebisha kilengeo asubuhi kwa mujibu wa upepo, kusubiri, kukimbia, kulenga, kupoa, kulala, na kuanza tena. Wengi huwa na siku moja njema. Kuwa na siku saba njema mfululizo ni suala la nidhamu ya mambo madogo, kula, usingizi, kukaa kimya baada ya ushindi, kiasi ambacho makamanda wetu wengi hulizungumzia na wachache hulisimamia.

Olimpiki ya Beijing ilipofika Februari 2022, bayathloni ilifanyika Zhangjiakou, tena kimo cha juu, katika baridi kali na upepo. Norway ilishinda mbio za mchanganyiko, Røiseland akiwa pamoja na Tiril Eckhoff na ndugu wawili, Tarjei Bø na Johannes Thingnes Bø. Katika mbio ndefu alikosa risasi mbili. Dakika mbili za adhabu. Na bado akamaliza wa tatu, sekunde 15 hivi nyuma ya Denise Herrmann wa Ujerumani aliyeshinda. Msomaji afanye hesabu mwenyewe: kama risasi moja kati ya zile mbili ingeingia, dhahabu ingekuwa yake. Siku nne baadaye, katika mbio fupi, hakukosa hata moja, akamwacha Elvira Öberg wa Sweden kwa sekunde 30 na ushei. Kisha zikaja mbio za kufukuzana, ambazo aliyeshinda mbio fupi huondoka kwanza na wengine humfuata kwa tofauti ile ile ya muda. Kuondoka mbele kunadhaniwa ni raha, kumbe ni kukimbia ukisikia nyayo nyuma yako. Røiseland alipiga risasi 20, akakosa moja, na kufika peke yake, zaidi ya dakika moja na nusu mbele ya Öberg yule yule.

Siku hiyo hiyo ilitokea jambo ambalo tusingependa lisahauliwe kwa ajili ya dhahabu. Mwenzake wa timu, Ingrid Landmark Tandrevold, aliondoka mkekani mara ya mwisho akiwa katika nafasi ya medali. Njiani kuelekea mwisho mwili ukamkatalia. Alifika akiwa wa 14, akaanguka, na kuhudumiwa na waganga. Hakuwa amezembea, wala hakukosa ushujaa. Aliutumia mwili wote hadi ukawa hauna tena cha kutoa. Tunawaomba makamanda wa vikosi walio na tabia ya kuhesabu kila anayeanguka katika matembezi marefu kuwa mvivu waitazame habari hiyo kwa utulivu.

Kwa jumla Røiseland alirudi na medali tano kutoka Beijing, tatu za dhahabu na mbili za shaba. Mbio za kupokezana za wanawake ndizo zilizowashinda: Sweden wakatwaa dhahabu na Norway wakaambulia nafasi ya nne. Majirani hawa, walioshindana mpakani tangu enzi za wafalme, hawaachiani mwaka hata mmoja. Mwishoni mwa msimu huo wa 2021–22 Kombe la Dunia la jumla, ambalo huhesabu mashindano yote ya msimu mzima, lilikuwa lake.

Hakuzuka jangwani. Kabla yake Liv Grete Poirée alitwaa dhahabu nne katika Ubingwa wa Dunia wa 2004 huko Oberhof, Ujerumani, kiasi cha mwaka mmoja tu baada ya kujifungua mtoto, na wale wanaodai kuwa uzazi humwondoa mwanamke katika safu wana wajibu wa kutueleza habari hiyo. Tora Berger alishinda mbio ndefu za Olimpiki ya Vancouver mwaka 2010, akawa mwanamke wa kwanza wa Norway kupata dhahabu ya Olimpiki katika bayathloni, na medali hiyo ikawa dhahabu ya 100 ya nchi yake katika Olimpiki zote za baridi. Mwaka 2013, huko Nové Město, Berger alishiriki mashindano sita na kupata medali sita. Tiril Eckhoff, rika la Røiseland, alichukua Kombe la Dunia la jumla mwaka 2021 pamoja na dhahabu nne za Ubingwa wa Dunia huko Pokljuka, Slovenia. Kila mmoja alimkuta mwingine njiani.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuhusu zaidi sisi tulio katika sare. Dorothea Wierer, mpinzani mkubwa wa Røiseland, ni wa kikosi cha ulinzi wa fedha na forodha cha Italia. Lisa Vittozzi, Mwitalia mwenzake, ni wa Carabinieri. Denise Herrmann alikuwa mtumishi wa forodha ya Ujerumani. Nchi hizo huwapa wachezaji wao cheo, mshahara na pensheni, kisha huwaachia muda wa mazoezi. Si utaratibu wa ajabu kwetu. Filbert Bayi alikuwa mwanajeshi alipoivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974, na Kipchoge Keino wa Kenya alikuwa polisi. Norway, ambayo mchezo huu ulizaliwa katika jeshi lake, imeuacha mikononi mwa raia. Binti wa kijijini hujiunga na klabu ya mtaa, huazimwa bunduki ya klabu, hufundishwa na wazazi wa wenzake. Nyuma yake kuna chama cha taifa cha hiari cha walenga shabaha, kilichoanzishwa mwaka 1893 kwa nia ya kuwafanya raia wawe tayari kulinda nchi, ambacho mpaka leo husaidiwa na fungu la bajeti ya ulinzi.

Upi ni utaratibu bora? Hatuamini kwamba jibu ni moja kwa nchi zote. Nchi yenye watu wachache, theluji tele na klabu kila bonde inaweza kuwaachia raia. Nchi ambayo kijana maskini hana pa kupata viatu vya mazoezi, achilia mbali bunduki, pengine haina mlango mwingine ila kambi. Lakini tunaona hatari moja katika utaratibu wa sare: jeshi linaweza kumpa mwanariadha cheo na kusahau kuwaendeleza askari wengine, likaridhika na medali ukutani huku uwanja wa shabaha wa kikosi ukiota majani. Wanorway wamekwepa hatari hiyo kwa kuanza na wengi, ndipo wakampata mmoja.

Na wengi hao ni pamoja na wanawake. Tangu mwaka 2015 sheria ya Norway ya utumishi wa lazima jeshini inawahusu wasichana kama wavulana, nchi ya kwanza katika Ulaya kufanya hivyo. Si wote wanaochukuliwa. Jeshi huchagua sehemu ndogo ya kila rika, wale wanaofaa zaidi na walio na nia. Mwaka 2014 jeshi hilo lilikuwa limekwisha anzisha kikosi cha mafunzo ya makomando cha wanawake watupu. Sweden ilirejesha utumishi wa lazima mwaka 2017, nayo haikubagua jinsia. Denmark ikafuata mwaka 2025. Hatudai kwamba medali ndizo zilizoleta sheria hizi. Tunasema tu kwamba bunge lililokuwa likijadili kama mwanamke anaweza kubeba silaha katika baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri lilikuwa la watu waliokwisha kumwona Tora Berger akifanya hivyo, tena kila Jumamosi katika televisheni.

Kuna upande wa pili wa ujirani. Olimpiki ya Beijing ilifungwa tarehe 20 Februari 2022. Siku chache kabla yake wanawake wa Urusi walikuwa wamepata medali ya fedha ya mbio za kupokezana, wakisimama jukwaani pamoja na Waswidi na Wajerumani. Tarehe 24 Februari majeshi ya Urusi yakaingia Ukraine kwa vita kamili. Mwezi Machi shirikisho la kimataifa la bayathloni likazizuia timu za Urusi na Belarus. Finland iliingia katika umoja wa kijeshi wa NATO mwaka 2023, na Sweden, iliyokaa nje ya miungano ya kijeshi kwa miaka mia mbili, ikaingia mwaka 2024. Norway, mwanachama tangu mwaka 1949 na yenye mpaka wake yenyewe na Urusi wa kilomita 198 hivi, ikajikuta ghafla haiko peke yake kule kaskazini. Mchezo uliozaliwa kwa ajili ya doria za mpakani ulirudi kutazamwa na watu ambao doria hizo wanazihitaji tena. Wapo wanaosema michezo isichanganywe na siasa za mataifa. Kwa mchezo huu hasa, wenye bunduki mgongoni tangu siku ya kwanza, twaona ombi hilo limechelewa sana.

Watu wetu wa nchi za joto wasidhani theluji haikuwahi kutukutanisha na Wanorway hawa. Mwaka 1998 huko Nagano, Japani, Philip Boit wa Kenya aliteleza kilomita 10 na kumaliza wa mwisho. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikuwa amekwisha fika zamani, lakini alimsubiri mwishoni mwa njia, akamkumbatia, na sherehe ya medali ikacheleweshwa kwa ajili hiyo.

Msimu wa mwisho wa Røiseland haukuwa mwepesi. Maradhi yalimkosesha mashindano ya mwanzo ya 2022–23, na aliporudi hakuwa na ile nguvu ya Beijing. Hata hivyo katika Ubingwa wa Dunia wa 2023 huko Oberhof alipata dhahabu mbili za kupokezana, moja akiwa tena na Johannes Thingnes Bø, na kufikisha mataji 13 ya dunia. Mwezi Machi mwaka huo alistaafu, akiwa na umri wa miaka 32. Eckhoff, ambaye afya ilimzuia kushindana msimu wote ule, naye akaaga.

Norway ikawa imewapoteza wawili kwa mkupuo, na pengo limeonekana. Kombe la Dunia la jumla la wanawake lilikwenda kwa Julia Simon wa Ufaransa mwaka 2023, kwa Vittozzi wa Carabinieri mwaka 2024, na mwaka 2025 likachukuliwa na Franziska Preuß, mtumishi wa forodha ya Ujerumani. Vijana wa klabu za Norway wanaendelea kuazimwa bunduki na kufundishwa mabondeni mwao, na Antholz, uwanja ule wa medali saba, ndio uliochaguliwa kwa bayathloni ya Olimpiki ya 2026.